Suruali ya Kupimia

Mizani ya kliniki ilining'inia kwenye ndoano juu ya dirisha. Kila Jumanne asubuhi muuguzi, Sista Waceke, aliitundikia suruali ya nailoni ya kliniki, kisha akazungusha skrubu mpaka mshale ukasimama penye sufuri. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mtoto aliyeletwa bila suruali yake ya kupimia alivalishwa hiyo ya nailoni, ambayo ilikuwa imekojolewa na nusu ya watoto wa Kangemi. Aliyekuwa na yake alivalishwa yake, akatundikwa kwa mishipi yake miwili, akalia, akasomewa uzito.

Milcah alikuwa ameshona ya mwanawe kwa mkono. Kitambaa kilitoka kwenye jinzi ya mumewe, Oloo, ile nzito ya samawati aliyokuwa akiivaa Jumapili kabla ya ukingo wa bati kuipasua goti kule mjengoni anakofanya kazi. Milcah alikikunja kitambaa mara mbili ili kisimkate mtoto mapajani, akatia mishipi mipana, na kiunoni akarudisha kitufe cha shaba pamoja na zipu. Hapakuwa na suruali nyingine ya namna hiyo pale kliniki. Wanawake wa kwenye benchi waliipapasa kama wapapasavyo kitambaa dukani.

"Mama Jackie, hii umeshonea mtoto ama askari?" aliuliza Carolyne, jirani yake wa mlango wa tatu, ambaye naye alikuwa amempakata wake.

"Nimeshonea mtu anayetundikwa kwa ndoano. Ile ya kliniki itakatika siku moja, mtoto aangukie kichwa."

"Basi utaniazima nipelekee fundi anitolee kama hiyo. Wangu akiivaa, atapiga saluti."

Benchi zima likacheka. Ilikuwa Juni, na baridi ilikuwa imewanyamazisha tangu alfajiri, kwa hiyo kicheko kiliwafaa. Oyoo, mwana wa Milcah na mdogo wake Jackie, alivuliwa sweta, shati na soksi. Alikuwa na miezi kumi na mitano na mbavu zilizohesabika. Alivalishwa jinzi, akatundikwa, akapiga mayowe.

"Nane nukta nne," alisema Sista Waceke. Akamzungushia utepe wa kupimia mkono. Utepe ulisimama pale rangi ya njano inapokutana na ya kijani. "Mkono uko mpakani. Lakini uzito umepanda mara mbili mfululizo. Mama, mtoto wako ametoka."

"Ametoka wapi, sista?"

"Kwa programu. Unga wa lishe ni wa wale walio chini ya mstari huu wa kijitabuni, na yeye ameuvuka. Hongera. Sasa mpe mayai, maharagwe, mboga, na maziwa kila siku."

Wanawake wakampigia makofi. Tangu Mei, kila baada ya wiki mbili, Milcah alikuwa akirudi nyumbani na pakiti za unga ule wenye soya, na kila asubuhi Oyoo alikuwa akiumaliza uji wake mpaka anataka kula kikombe. Leo alirudi na kijitabu cha kliniki peke yake. Hata hivyo alitembea upesi, kwa maana alikuwa na habari njema ya kumpa Oloo.

*

Habari hiyo Oloo aliipokea kama mshahara. Hakuwa amewahi kuizoea foleni ile. Yeye ni fundi wa mawe, na wiki ambazo kazi ipo mjengoni huleta nyumbani chakula kama mwanamume mwingine yeyote. Lakini majirani walikuwa wamemwona mkewe akipita na pakiti zenye mhuri, na jirani mmoja aliwahi kumwuliza, mbele ya watu, kama serikali imeshaanza kumlipia na kodi ya nyumba.

"Nane nukta nne!" alisema. Aliichukua ile suruali, akaiinua kwenye mwanga. "Unaona jinzi yangu? Ina baraka. Ile ya nailoni ilikuwa inamrudisha mtoto nyuma."

"Baba Jackie, nguo hailishi mtu."

"Wewe nyamaza. Tangu avae hii, amewahi kushuka?"

Hakuwa amewahi kushuka. Kesho yake Oloo alimwambia msimamizi wake, Maxwell, kwamba mwanawe amehitimu, akanunua soda mbili ambazo hazikuwa kwenye bajeti, wakanywa wakiwa wamekalia mifuko ya saruji.

*

Wiki tatu baadaye, Jacklyne, yule Jackie, binti yao aliyekuwa Gredi ya Nne, alirudi kutoka shuleni na karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari. Milcah aliifungua. Kila Jumamosi alasiri alihudhuria darasa la ngumbaru kwenye ukumbi wa kanisa, na maandishi ya mkono bado yalimchosha kuliko ya chapa, kwa hiyo aliisoma mara mbili, kidole chini ya maneno.

*Mzazi, mtoto wako amepatikana akificha chakula. Chakula cha mchana ni cha mwanafunzi mwenye bangili na huliwa hapa shuleni. Akirudia, tutasimamisha bangili yake.*

Bangili ile ya plastiki ndiyo iliyompa Jacklyne sahani ya mchana kwa shilingi tano. Mwanafunzi aliigusisha kwenye mashine, mashine ikalia, mpishi akapakua. Katika wiki ambazo mjengo umesimama, sahani hiyo ndiyo iliyokuwa mlo wake wa uhakika.

"Umeficha chakula gani?"

Jacklyne alitoa begani mkoba wake, akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka kilichooshwa vizuri. Ndani mlikuwa na ndengu, vijiko kama vitatu.

"Wali nilikula," alisema kwa haraka. "Ni ndengu tu nilitoa. Ni za Oyoo."

"Nani amekuambia Oyoo ana njaa?"

"Hakuna mtu. Si mimi ndiye humtoa kwa daycare? Wakati alikuwa anakunywa uji wa kliniki, nikimbeba mpaka hapa nilikuwa napumzika mara mbili, hapo kwa kinyozi na hapo kwa bomba. Sasa sipumziki."

"Wewe umekua, una nguvu."

"Kwa wiki tatu, mama?"

Milcah alimchukua Oyoo kutoka mkekani, akampandisha na kumshusha kama mtu anayekadiria kabichi. Mayai alikuwa amempa mara mbili. Maziwa alikuwa amempa mpaka wiki ile Maxwell alipowaambia mafundi wangoje mchanga. Lakini kijitabu kilisema nane nukta nne, na yeye alikuwa amefundishwa kukiamini kilichoandikwa.

*

Kila Jumanne na Ijumaa Milcah alifua nguo katika nyumba ya Jasleen, ghorofa ya nne, Kilimani. Jasleen alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na ratiba isiyosogezwa. Tangu Mei alikuwa amevumilia kumkosa Milcah kila Jumanne ya pili kwa ajili ya kliniki, na aliposikia kwamba mtoto ametoka kwenye programu alifurahi waziwazi. "Mzuri sana. Sasa Jumanne zote wewe utakuja."

Ijumaa hiyo Jasleen alikuwa akioka biskuti za sherehe ya bintiye, Harleen. Milcah alikuwa akifuta sakafu ya jikoni. Aliona mwajiri wake akiweka bakuli tupu juu ya mizani ndogo bapa, na tarakimu zikaruka: mia tatu na kumi. Kisha Jasleen akabonyeza kitufe, na tarakimu zikarudi sufuri ilhali bakuli bado lilikuwa pale pale.

Milcah alisita na kitambaa mkononi. "Mama Harleen, mbona umefuta?"

"Nini?"

"Hiyo hesabu ya bakuli."

"Lazima nitoe bakuli kwanza. Mimi napima sukari." Jasleen alimtazama kama anayetazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji ni maji. "Bakuli sio biskuti, Milcah."

Akamimina sukari. Milcah aliendelea kufuta mahali pale pale, mahali ambapo palikuwa pameshang'aa. Akilini aliiona suruali ya nailoni ikitundikwa asubuhi kliniki, skrubu ikizungushwa, mshale ukitulia. Aliiona jinzi. Ilikuwa ndani ya mkoba wake wakati huo huo, nyuma ya mlango. Carolyne alikuwa ameirudisha jana, baada ya fundi kutoa kipimo.

"Mama Harleen, tafadhali. Kuna kitu nataka kupima. Ni nguo. Ni safi, nimeifua."

Jasleen akatandaza gazeti juu ya mizani, akabonyeza kitufe. Milcah aliiweka suruali, akaikunja mishipi isiguse meza. Mia nne na tisini.

"Hiyo ni gramu?"

"Gramu, ndiyo. Karibu nusu kilo. Nguo kidogo hivi! Umeweka mawe?"

"Ni jinzi," alisema Milcah. "Ni ya baba yake."

Alikaa chini, juu ya sakafu iliyolowa. Akaeleza. Jasleen alisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Kisha akaitoa suruali kwa vidole viwili, akalitupa gazeti, akaifuta mizani kwa dawa, mara mbili. Milcah alitazama pembeni.

"Kwa hivyo Jumanne wewe hakuna," alisema Jasleen.

"Jumanne hii moja tu. Lazima nimrudishe."

"Hii moja, nitakupa. Lakini ile ingine baada ya wiki mbili, hapana. Kama hutakuja, mimi nitatafuta mtu ingine. Sio vibaya, Milcah. Mimi pia niko na kazi." Alipofunga biskuti za Harleen kwenye bati, alifungia Milcah sita ndani ya karatasi, na juu yake akaweka foronya kuukuu yenye maua mekundu. "Hii ni nyepesi," alisema.

*

"Rudia," alisema Oloo.

Milcah alirudia. Alikuwa ameandika hesabu nyuma ya daftari lake la ngumbaru, nukta chini ya nukta kama walivyofundishwa. Hakujua suruali ya nailoni ina gramu ngapi, lakini hata ukiipa mia nzima, bado Oyoo aliongezewa karibu mia nne ambazo si zake. Nane nukta nne, toa sufuri nukta nne. Hakuwa ameuvuka mstari wowote.

"Na sasa unataka kufanya nini?"

"Kumrudisha."

"Uende usimame mbele ya wale wanawake, useme mtoto wa Oloo ni mwembamba?"

"Ni mwembamba, Baba Jackie."

"Watu wanapeleka watoto kliniki wapone. Wewe wako ametoka, unamrudisha agonjeke!" Alisimama, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, kusimama kwake kulikijaza. "Sista atasema nini? Atasema mmeweka uzito ndani ya nguo mkadanganya. Ama atasema umemnyima chakula ndio upate unga. Na mimi nimeshawaambia watu!"

"Uliwaambia watu wangapi?"

"Wote."

Jacklyne, aliyekuwa akimlisha Oyoo biskuti iliyolowekwa kwenye chai, alisema bila kuinua kichwa, "Si uwaambie tena."

Oloo alimtazama bintiye, akamtazama mkewe, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kusimama nje na wanaume.

*

Jumanne, Milcah alikuwa nambari ya kumi na moja. Alikuwa amepanga kusema maneno yake kwa sauti ya chini, akiwa peke yake na muuguzi, lakini mizani ilikuwa mbele ya benchi na hapakuwa na pazia.

Sista Waceke alikifungua kijitabu. "Wewe si nilikutoa?"

"Ndiyo, sista."

"Umerudi kufanya nini?"

"Nimekuja kurekebisha uzito."

Mtu alicheka nyuma. Sista alikifunga kijitabu. "Mama, unga ukiisha nyumbani kila mtu hurudi na hadithi. Wiki jana mmoja ameniambia mizani yangu ni ya kupimia mbuzi. Mtoto ameuvuka mstari. Akishuka, mimi nitauliza umemlisha nini."

"Niulize, sista, nitakujibu. Ugali na sukuma, uji wa mahindi, mayai mawili kwa wiki tatu. Lakini si hilo lililonileta." Aliitoa jinzi mkobani. Zipu ikalia. "Ninaomba uitundike hii. Peke yake. Bila mtoto."

"Nina watoto thelathini hapa."

"Itachukua muda mfupi kuliko haya tunayosema."

Sista Waceke alivuta pumzi. Akaitundika suruali tupu kwenye ndoano. Mshale ukasogea, ukapita mstari mdogo wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukatulia juu ya wa nne. Suruali ilizunguka polepole, miguu yake miwili mifupi ikiwa imetanuka kana kwamba kuna mtu ndani.

Sista akaitoa, mshale ukarudi chini ya sufuri. Akaitundika tena, mstari wa nne. Akagonga kioo kwa ukucha.

"Mara zote mbili alikuwa amevaa hii?"

"Zote mbili."

Muuguzi akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayezungumza na meza yake, "Nilipaswa kurudisha sufuri kwa kila suruali. Mimi mwenyewe nimewafundisha wanafunzi hivyo." Akainua sauti. "Kila mwenye suruali yake, ailete hapa mbele. Tupu."

Wakajipanga. Ya Ngina, msusi wa Kenyatta Market, ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa cha mwavuli na haikuuvusha mshale sufuri hata kidogo, naye akarudi kwenye benchi akitembea kama bibi harusi. Ya mwanamke mmoja ya sufi ilikuwa na gramu mia mbili. Carolyne alibaki amekaa, mkoba ameukumbatia.

"Na wewe?" aliuliza Sista.

"Yangu ni mpya, sista. Haijavaliwa."

"Lete."

Ilikuwa jinzi nyeusi, yenye mifuko minne. Mistari mitano.

"Mungu wangu," alisema Carolyne. "Na fundi amekula mia mbili zangu! Mama Jackie, si ungegundua haya kabla sijalipa?"

Sasa walicheka wote, hata Sista, na katika kicheko hicho Oyoo alivalishwa nailoni, akatundikwa, akalia kama kawaida yake. Saba nukta saba. Mkono wake uliingia kwenye njano bila mjadala. Sista Waceke alichukua kalamu nyekundu, akavikata vipimo viwili vya nyuma, akaandika vingine kando yake na kutia sahihi. Kisha akauchora upya mstari wa uzito wa Oyoo. Ulitambaa chini ya ule wa kwanza, halafu ukashuka. Milcah aliufuata kwa kidole mpaka nukta ya mwisho. Hakuwa amewahi kuona kitu cha aibu namna hiyo kilichoandikwa sawasawa.

"Na huu unga, ni wa Oyoo peke yake?" aliuliza Sista akihesabu pakiti.

"Dada yake hulamba mwiko."

"Mwiko alambe. Rudi baada ya wiki mbili, usikose. Nataka nione anapanda kweli."

*

Wiki mbili. Milcah alijua tangu pale kliniki kwamba siku hiyo ni Jumanne ambayo Jasleen ameikataza. Hakumwambia Oloo. Aliziweka pakiti juu ya kabati, akapika uji, akashona suruali mpya kutokana na ile foronya ya maua, mshono mmoja, mishipi ya utepe. Oloo hakuuliza kitu siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya tatu Milcah alimkuta akiwa ameishika ile jinzi kwenye kiganja, akiipandisha na kuishusha.

"Kwa hivyo kumbe mimi ndiye nilikuwa napimwa," alisema.

Milcah alicheka kabla hajajizuia. Oloo hakucheka, lakini pia hakutoka nje.

"Jumanne ya kliniki nina kazi Kilimani," alisema Milcah. "Nikikosa, ataandika mtu mwingine."

Oloo aliikunja jinzi, akaisukuma chini ya kitanda. Milcah aliogopa kulirudia jambo hilo.

Jumanne hiyo aliondoka alfajiri akiwa amemwachia Jacklyne maagizo yote, ingawa Jacklyne alikuwa na shule, na ingawa wote wawili walijua kwamba mtoto hawezi kumpeleka mtoto kliniki. Saa nne, akiwa kwenye roshani ya Jasleen na beseni la nguo zilizosuuzwa, simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni. Ilikuwa Carolyne.

"Mama Jackie! Umekaa ama umesimama?"

"Ninaanika. Kuna nini?"

"Mzee wako yuko hapa. Amekaa katikati yetu kama mgeni wa harambee. Mwanamume ni yeye peke yake. Ngina amemwuliza kama amekuja kutengeneza paa."

"Amesema nini?"

"Amesema amekuja kupima mtoto, kuna shida? Halafu nambari yake imeitwa, akasimama na ile suruali ya maua mkononi, mzee mzima, akaishika hivi mbele ya sista. 'Anza na suruali,' amemwambia. Sista akasema sasa anarudisha sufuri kwa kila mmoja, hata hajui huyu ni nani. 'Nimesikia, lakini anza na suruali.' Ameitundikisha mara mbili! Mpaka sista amemwambia, baba, hii ni maua tu, haina kitu."

Milcah aliegemea ukuta. Chini, magari ya Kilimani yalikuwa yakipigiana honi. "Na mtoto?"

"Si ametapikia sista."

"Carolyne. Uzito."

"Saba nukta tisa."

"Sema tena."

"Saba nukta tisa! Mzee wako mwenyewe amekataa mpaka aonyeshwe mshale kwa macho yake. Sasa anasumbua watu, anauliza unga unapikwa na vikombe vingapi vya maji, na sista anamwambia pole pole kama... Ngoja, ananiangalia. Nakata."

Milcah aliirudisha simu kwenye aproni. Ndani ya beseni ilikuwa imebaki nguo moja, jinzi ya Baba Harleen, ambayo huachwa ya mwisho kwa sababu ya uzito wa maji yake. Aliiinua kwa mikono miwili, akaikamua kuanzia kiunoni mpaka miguuni, akaikamua tena, na maji yakamwagika mpaka yalipokuwa matone. Kisha akaitundika kwa vibanio vinne na kusimama kidogo akiitazama kamba ilivyopinda.